Mpaka Juu

...mpaka juu, anasema, mama yako nilimbeba kwenye karia ya baiskeli mpaka juu, vilima vyote vitatu, na mimi nina pini tatu mdomoni na sketi ya sare ya mtoto wa watu mkononi, siwezi kusema kitu, nakanyaga tu cherehani, kanyaga mama kanyaga, miguu hii imekanyaga miaka thelathini na haijatoka chumba hiki, huku mume wangu kainamia meza na penseli yake anamchorea binti yetu njia ya kwenda kwenye maporomoko, nyuma ya kalenda ya mwaka jana, hapa kilima cha kwanza, hicho cha kitoto, hapa cha pili, kina kokoto, hapa cha tatu ndicho baba lao, na hapa unaanza kusikia maji... loo, ana raha ya kuchora huyu, hata mti kauweka, na binti anamtazama kama anaonyeshwa njia ya peponi, Jumamosi anakwenda na mchumba wake, yule fundi simu, baiskeli za kukodi zipo tele lakini binti yangu hataki mbili, anataka moja, apakiwe, kama Baba alivyompakia Mama, na huko juu ndipo kijana atoe pete, "Mama, si kweli alikubeba mpaka juu?" na mimi naguna, mm, mguno wa mtu mwenye pini mdomoni kila mmoja anausikia anavyotaka... alinibeba, eti! alinibeba kwenye tambarare, hapo sibishi, nilikaa upande, mguu unaning'inia, nikajiona malkia, tukafika kilima cha kwanza akasema shuka kidogo, na hicho kidogo hakikwisha, nikawa nasukuma kwa nyuma naye kakaa juu ya tandiko, kakaa! eti akishuka atapoteza mwendo, na kila mteremko aliniacha, breki haziwezi watu wawili, akateremka peke yake anapiga mluzi, nikabaki na vumbi lake, kilima cha tatu ndala ikakatika, nikaishika mkononi, nafika juu kisigino kinatoka damu, naye kashaoga, kakaa juu ya jiwe maji yanamchuruzika, ananiambia, mbona umechelewa? na mimi nikacheka. Nilicheka, jamani. Akaniuliza kama nitaolewa naye nikasema ndiyo, nikiwa bado nahema...

"Mke wangu, wembe uko wapi? Penseli imekufa." Namwonyesha kwa kidevu, kwenye kopo la vifungo, mbele ya mkono wake, anasema hauoni, haoni, lini aliona, miaka yote hii kila mgeni akikaa kwenye kiti kile lazima ahadithiwe vilima vitatu, nami naleta chai nikitabasamu, moyoni nasema mwongo we, mwongo mkubwa usiye na haya, nimemchukia kwa uongo ule kuliko kwa kile kisigino... lakini nani aliuanza? Usijifanye umesahau. Mama yangu ndiye aliyenipokea mlangoni, Mungu amrehemu, akatazama mguu wangu, akauliza, huyo mtu amekutembeza? na mimi, mdomo wangu huu, amenibeba, mama, mpaka juu, hapa nimejigonga tu kwenye pedeli, kwa sababu nilitaka ampende, na mwenyewe huyu mume wangu alikuwa nyuma yangu akasikia, akanitazama, akashangaa, kesho yake akaanza kuisimulia, basi hadithi hiyo nilimshonea mwenyewe, naye akavaa mpaka ikamkaa, leo ukimwapisha ataapa... "Aa, huu hapa," anasema, anachonga penseli... na wiki iliyopita binti yangu alirudi na mvua, viatu mkononi, kisigino kimechubuka ngozi yote, nikamuuliza, mwenzio yuko wapi? akasema, amenisindikiza, Mama, mpaka pale kona, hivi viatu tu vinabana, na mimi nilikuwa dirishani tangu tone la kwanza, pale konani hapakuwa na mtu, hapakuwa hata na mbwa, nikampa taulo, nikajiambia ni ya vijana hayo, maji hufuata mkondo, wacha, kumbe mkondo wenyewe niliuchimba mimi...

"Mama, eti kilima cha tatu mlipumzika?"

"Mwache mama yako, ana pini mdomoni," anasema baba yake, na penseli imesimama juu ya kilima cha tatu, inangoja, na mguu wangu umeacha kukanyaga sijui saa ngapi, wote wawili wananitazama, nikisema kweli mume wangu ataaibika mbele ya mwanawe, ataaibika vibaya, na atanichukia, basi anichukie, mimi nimeshafanya zamu yangu ya kuchukia... natoa pini ya kwanza, naichomeka kwenye kitambaa, natoa ya pili, ya tatu imenichoma mdomo, haidhuru, neno la kwanza ninalo tayari, si la kilima wala la baba yake, namwambia binti yangu avue kiatu, anionyeshe kile kisigino.