Jina Ndani ya Wimbo wa Domitille

Albamu ya Wana Nguba ilitoka Ijumaa, na kufikia Jumapili Bukavu nzima ilikuwa inaicheka. Haikuchekwa kwa kuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Almasi zaidi. Aliiharibu mwenyewe, kwa jina moja.

Almasi alikuwa kiongozi wa kundi na mpiga gitaa wake, mtu wa miaka arobaini na kitu, mkaidi, aliyelelewa dukani kwa baba yake Uvira akaliacha duka kwa ajili ya muziki. Nyimbo za kurekodi kwa simu alikuwa nazo tele. Albamu ya studio aliisubiri tangu ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Na katika albamu hiyo kulikuwa na wimbo mmoja ambao hata yeye, pamoja na kujisifu kwake kote, alijua unazipita nyimbo zake zote.

Ulikuwa wa Sifa, mwimbaji wao. Aliutunga baada ya kumzika mama yake, Domitille, aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, sokoni mpaka vidole vyake vikashika harufu ya ziwa. Hapakuwa na mengi ndani yake. Beti mbili, kisha magitaa yanakatika, Sifa anaita, "Maman!" Halafu kimya. Hakuna anayeitika. Kimya kinakaa, kinakaa, ndipo gitaa linarudi polepole. Siku ya kwanza ya mazoezi mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini akatoka nje.

"Nitaiimba studio kwa sharti moja," Sifa alisema. "Mule ndani musitupe jina ya mutu. Jina ya maman peke yake."

"Hakuna shida, Sifa."

"Apa, tonton," alisema, kama mtu amwitavyo mjomba. "Miye nakujua weye."

"Wallahi."

Lakini studio haiendeshwi kwa viapo. Huku kwetu albamu inasimama kwa libanga: tajiri anagharimia, nawe unalitupa jina lake ndani ya wimbo, apate kulisikia baa na harusini. Wana Nguba walikuwa na tajiri mmoja tu, Donatien, muuza saruji wa Ibanda, mtu wa tumbo na kicheko. Jina lake lilishaingia nyimbo zote isipokuwa ule. Siku ya mwisho ya kurekodi alikuja kusikiliza. Wimbo wa Sifa ulipoisha akapangusa macho.

"Hii ndjo watu watapenda," akasema. "Mbona miye siko ndani?"

Almasi angeweza kumwambia ukweli: huu ni wa marehemu, patron, tuuache. Pengine angekubali, mtu alikuwa ametoka kulia. Lakini Almasi alikuwa amezoea kuwaitikia wenye magari kabla hawajamaliza kusema. Akasubiri Sifa apande pikipiki kurudi kwao, kisha akaingia kwa Chrispin, fundi wa sauti.

"Umutie pale kwenye kimya."

Chrispin akavua vipokea sauti masikioni. "Pale, grand? Pale mutoto anaita mama yake."

"Pale pale. Jina ukiitupa kati ya ngoma, nani ataisikia?"

Kwa upande wa kazi alisema kweli. Miaka yote alifanya hivyo: jina la tajiri hutiwa mahali ambapo wimbo unavuta pumzi. Akasogelea maikrofoni, akalitamka mwenyewe kwa sauti nzito, "Donatien wa Saruji!", akatoka ameridhika. Sifa atanuna, alijiambia, akisikia makofi atasahau.

Ijumaa ukumbi wa Nguba ulijaa. Wanawake wa soko la samaki walivaa vitenge vya sare walivyoshona kwa matanga ya Domitille, wakaketi mbele na Sifa. Albamu ikapigwa kwenye vipaza sauti, watu wakacheza. Ukafika ule wimbo. Ukumbi ukatulia, magitaa yakakatika, na sauti ya Sifa ikaita, "Maman!"

"Donatien wa Saruji!" vipaza sauti vikaitika.

Kwanza watu walitazamana. Halafu mlevi mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Ée, maman amefufuka! Iko na ndevu!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Hata mmoja wa wale wanawake wa samaki alicheka, akajiziba mdomo kwa kitenge. Sifa hakumtafuta Almasi kwa macho. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka.

Mji ukamalizia. Waendesha pikipiki waliitana barabarani, huyu "Maman!", yule "Donatien wa Saruji!" Hata Minova, siku ya soko, wapakiaji wa boti waliitikiana hivyo. Donatien akapiga simu, kicheko kimemwisha.

"Umenifanya maman ya watu, Almasi! Bibi yangu, mama ya watoto wangu, ananiita maman mezani!"

"Patron, tutaitoa..."

"Toa jina yangu kwa nyimbo zote! Na namba yangu pia, ifute!"

Chrispin alilitoa siku hiyo hiyo, wimbo ukabaki safi. Hakuna aliyeutaka. Ule mchafu ulishaenea kwenye simu za watu, na redio zilipiga huo kwa sababu unachekesha.

Almasi akaenda kwa Sifa. Alimkuta uani akianika nguo. Hakupewa kiti.

"Nimeisafisha, Sifa. Sikiliza kidogo tu."

"Iko safi kwa simu yako." Aliikung'uta shuka kwa nguvu. "Jana nilipita sokoni, kwenye meza ya maman. Wakaniitia ile jina. Unajua nilifanya nini, tonton?"

"Sijui."

"Nilicheka. Ikanitoka tu, nikacheka pamoja nao. Mama yangu huyo." Akageukia kamba yake ya nguo. "Kwenda sasa."

Almasi alipoteza mwimbaji, na baada yake mpiga ngoma, aliyehamia kwaya ya kanisa. Tajiri alikuwa ameshaondoka. Kundi halipo tena. Wimbo ambao ungepigwa kwenye matanga ya mji mzima haupigwi kwenye matanga hata moja, maana hakuna mfiwa anayetaka watu wacheke. Na Sifa, aliyekuwa na mahali pamoja pa kumlilia mama yake, hana tena hata hapo.