Nyoka Arobaini na Mbili

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani asiye na mpinzani mtaani, ila kuandika hakukuwa fani yake. Vipimo vya wateja alivichora kwa chaki pembeni ya meza, vikafutika kila kitambaa kilipopita juu yake. Mwezi uliotangulia, bibi harusi mmoja alishonewa gauni kwa vipimo vya shangazi yake. Shangazi mtu alifurahi. Bibi harusi alilia. Hapo ndipo mke wa mwanawe, mwandishi wa programu za kompyuta aliyekuwa na miezi michache tu katika ndoa, alipojitolea kutafuta dawa.

Programu aliyoiandika ilikuwa nyepesi: dirisha moja, kitufe kimoja. Unabonyeza, unasema, maneno yanajiandika. Mkwe aliijaribu nyumbani siku tatu, ikamtii kila neno. Akaiweka kwenye kompyuta ya dukani kwa mama mkwe, akaenda zake roho imetulia tuli.

Siku ya pili alirudi kutazama. Mama mkwe alimkaribisha vizuri, akaisifia kompyuta, akakisifia na kitufe. Maneno hakuyasifia. Mkwe akafungua orodha mwenyewe. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameandikwa hivi: kijua thelathini na nane, kinoo thelathini, nyoka arobaini na mbili.

"Inajitahidi," mama mkwe akasema kwa upole, na upole huo ulimchoma mkwe kuliko kufokewa.

Alianza na lililo karibu. Akakuta kompyuta inasikilizia maikrofoni yake ya ndani, shubiri moja tu kutoka kwenye cherehani, kwa hiyo ilisikia mashine zaidi ya mtu. Akaleta maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, akaiambia programu isikilizie hiyo. Ngurumo ikaisha, nyoka hawakuisha. Akaangalia kasi ya kurekodi sauti, akaikuta sawa. Akaibana ile maikrofoni kwenye kola yake mwenyewe, akasema vipimo vya mwalimu: kifua, kiuno, nyonga. Vikatoka safi kama vilivyopigwa pasi. Akamrudishia mama mkwe. Nyoka nao wakarudi.

Basi ugonjwa haukuwa kwenye mashine. Mkwe akaketi pembeni, akatazama. Mteja aliingia, mama muuza maua wa ng'ambo ya barabara. Fundi alichota pini sita mkebeni, akazibana katikati ya midomo kama alivyofanya kwa miaka thelathini, akamzungushia futi kiunoni, akataja kipimo. Muuza maua akaitikia kwa kichwa. Mtaa mzima ulielewa lugha ile ya pini. Aliyekuwa mgeni ni kompyuta peke yake.

Jibu lilikuwa hilo, lakini lingetamkwaje? Nani humwambia mama wa mumewe kwamba haongei vizuri? Mkwe alilizunguka jambo, akashauri labda wajaribu kusema polepole. Mama mkwe akasema polepole, pini zikiwa palepale. Nyoka wakaja polepole.

Mwishowe aliona afadhali mashine ijisemee. Akaomba ruhusa, akafungulia rekodi ya asubuhi. Sauti ikajaa chumbani, ikinung'unika kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni.

Mama mkwe akainua uso. "Huyo mgonjwa ni nani?"

Muuza maua, aliyekuwa amebaki kupiga soga, ndiye aliyejibu, huku cheko likimponyoka. "Ni wewe, fundi."

Fundi aliomba rekodi irudiwe. Safari hii, sauti ikiendelea, alipeleka vidole mdomoni, akatoa pini moja moja mpaka ya sita, akaziweka mezani. Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Akauliza wamekuwa wakimwelewaje miaka yote hiyo, na muuza maua akakiri kwamba mwanzoni walikuwa wakikisia.

Kisha akamgeukia mkwe wake. "Wewe umejua tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne, mama."

Ilikuwa inakaribia saa saba.

"Mwanangu, mgeni ndiye huona nguo ya mwenyeji imechanika, akanyamaza. Wewe si mgeni hapa. Siku nyingine niambie."

Mkwe aliitikia, na kifua kikawa chepesi kama aliyetuliwa mzigo.

Alasiri alikata kipande cha sponji, akakivisha kitambaa, akakitia utepe wa kufungia mkononi, ili pini zipate pa kukaa. Ushonaji wake ulikuwa wa kuhurumiwa. Fundi alikigeuza huku na huku, akafumua mshono mmoja, mwingine akauacha ulivyo, akakivaa.

Halafu akamsimamisha mkwe penye mwanga wa mlango, akamzungushia futi, midomo mitupu. Bega, kifua, kiuno: namba zikashuka kwenye skrini moja baada ya nyingine, bila kosa. Mkwe akauliza gauni hilo ni la nani.

"Simama wima," mama mkwe akasema, "na uache kubana tumbo."

Kitufe kilikuwa bado kimewashwa, na programu ikayaandika hayo nayo, neno kwa neno.