Miguu Yote Miwili Chini

Fundi aliyeitwa Kimya hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, na jina hilo alipewa na wateja waliochoka kumsikiliza. Siku alipoletewa ile pikipiki kubwa ya safari aliizunguka mara mbili, akapiga tangi kwa kiganja kama anayechagua tikiti, akasema, "Dada, hii si pikipiki, hii ni nyumba. Imekosa jiko tu."

Mjane aliyeileta hakucheka. Si kwamba alijizuia, kicheko hakikuja. Ilikuwa hivyo tangu mumewe alipojilaza mchana mmoja, mzima kabisa, asiamke. Miezi mitano sasa. Machozi nayo hayakuja. Mazishini wanawake walimtazama wakisubiri, wakachoka kusubiri, wakalia wao. Aliporudi kwenye cherehani yake, maana alikuwa mshonaji, alishona kama kawaida. Akiambiwa kula, alikula. Watu wakasema anajikaza. Hakuwa anajikaza. Hakuona cha kukaza.

Baba mkwe alipokuja kugawa vitu vya marehemu, alitaja makoti, viatu, redio. Mjane akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ilipotajwa pikipiki, kwamba ataichukua shemeji yake, mdomo wake ukasema hapana. Chumba kizima kikamgeukia. Yeye mwenyewe alitazama pembeni, kama aliyetaka kujua nani amesema.

"Utaifanyia nini, mkwe?" baba mkwe aliuliza. "Wewe ulikuwa abiria."

Ni kweli. Miaka kumi na mmoja alikaa nyuma, akaiona dunia juu ya bega la mumewe. Kuendesha alijua, alifundishwa na mumewe huyo huyo kwa pikipiki ndogo ya jirani. Lakini hii ya safari, akiikalia, miguu ilining'inia kama ya mtoto kitini.

"Hata kupandia atahitaji ngazi," shemeji alisema. Alikuwa mrefu na mpenda utani. "Na kushukia parachuti."

Mzee hakucheka pia. Akatoa neno lake. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja na huyu. Nikikukuta umeikalia peke yako, miguu yote miwili chini, ni yako. Ukishindwa, anaondoka nayo."

Ndipo mjane alipoikokota mpaka kwa Kimya na kumwambia, "Ipunguze initoshe." Alisema kama wateja wake wanavyosema wakileta gauni.

"Basi kwanza tunaivua," Kimya akajibu.

Wakaivua. Kila mchana akifunga cherehani alikwenda gereji, akachuchumaa upande wa pili, akafungua nati alizoonyeshwa. Kilitoka kioo cha kukinga upepo, kikubwa kama dirisha la choo. Yakatoka masanduku mawili ya ubavuni na lile la nyuma, pamoja na vyuma vyake. Plastiki zilizofunika injini zilitoka zikiwa na vumbi la barabara ambazo alizipita na hakukumbuka majina yake. Nati ziliwekwa kwenye makopo ya rangi. Mikono yake ilifanya kazi, naye akaitazama ikifanya.

Ndani ya sanduku la kushoto alikuta glavu za mumewe. Vidole vilikuwa bado vimejikunja, kana kwamba vimeshika usukani. Alizinusa. Zilinuka petroli na ngozi. Akangoja kidogo, aone kama kuna kitakachokuja. Hakikuja. Akaziweka juu ya rundo na kuuliza spana ya kumi iko wapi.

"Umeikalia," Kimya alisema. "Dada, wewe unakalia spana kila siku. Nikifungua duka la makalio utakuwa meneja."

Katikati ya mwezi baba mkwe alipita gerejini bila taarifa wala mwaliko. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaitazama ile fremu iliyobaki, nyembamba, na mbavu zake nje.

"Mnamvua mwanangu," alisema.

Kimya akanyamaza, na hilo gereji yote haikuwahi kulisikia. Mzee akaondoka.

Walipomaliza kuvua wakaanza kushusha. Kimya aliibadilisha shokomzoba ya nyuma, akaweka fupi ya pikipiki nyingine. Mbele akazipandisha nguzo za gurudumu kwenye vibanio vyake mpaka usukani ukateremka. Ile stendi ya kati, chuma kizito ambacho marehemu alikikanyaga kwa uzito wake wote akiisimamisha, fundi aliitupa kabisa. "Kilo hizo," alisema, "utanishukuru mlimani." Ikabaki ile ya pembeni tu, na tangu hapo pikipiki ilikaa juu ya matofali, imefungwa kamba huku na huku. Kiti alikitengeneza mjane mwenyewe. Alikata sponji kwa kisu cha mkate, safu kwa safu, akashona ngozi mpya kwa uzi wa viatu, mishono midogo na sawa. Kimya alipitisha kidole juu yake na hakupata la kutania.

Sasa, mjane hakuwahi kukunja pindo la gauni kabla mteja hajasimama ndani yake, na viatu vyake miguuni. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wengine. Lakini pikipiki hawakuisimamisha. Walipima ikiwa juu ya matofali, wakahesabu kwa kidole urefu wa tofali, wakautoa kwenye hesabu, wakaridhika.

Jumamosi ikafika. Baba mkwe alikuja asubuhi na shati lililopigwa pasi, shemeji nyuma yake na kofia ya pikipiki kwapani, tayari kuondoka. Kimya akatoa matofali na kamba, akamshikia mjane mpaka akakaa, kisha akaachia.

Miguu yote miwili ilikanyaga chini. Visigino navyo.

Shemeji aliinama kuhakikisha. "Haya," alisema. "Ngazi nirudi nayo nyumbani."

"Imekutosha," baba mkwe alisema, na sauti yake haikuwa ya furaha wala ya hasira. "Shuka tuongee."

Mjane akasukuma stendi ya pembeni kwa mguu wa kushoto, akashuka, akapiga hatua mbili kumwendea. Nyuma yake pikipiki ilisimama wima kama askari, badala ya kulalia stendi. Ikafikiri. Halafu ikaangukia kulia, polepole, na kishindo chake kikazima maongezi ya gereji nzima.

"Stendi," Kimya alisema kwa sauti ndogo. "Tumeshusha yote, stendi tumeiacha ndefu vile vile."

Baba mkwe akavuta pumzi. "Mkwe, kuikalia umeweza. Lakini njiani itaanguka tena, na wewe utakuwa peke yako."

Shemeji alishaweka kofia chini na kukunja mikono ya shati. Kimya naye akaja.

"Acheni," mjane alisema.

Aligeuza usukani mpaka mwisho wake, akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa mpaka kiti kikamgusa chini ya kiuno. Mkono mmoja akashika usukani, mwingine fremu. Hivyo ndivyo mumewe alivyoiinua mara ile ilipowaangusha kwenye matope. Akasukuma kwa miguu, akirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Haikusogea. Akasukuma tena, ikaachana na sakafu, ikapanda, ikapanda, ikafika.

Ilipofika hakuweza kuiacha. Stendi ndefu iliirudisha kwake, mgongoni, na kila alipojaribu kujitoa ilimfuata. Akabaki pale, amesimama, ameibeba.

Baba mkwe alizunguka upande wa pili, akapiga magoti na ile suruali yake safi, akaitazama stendi na ardhi kwa muda mrefu.

"Nani alipima?"

"Mimi na fundi, baba."

"Ikiwa wapi?"

"Juu ya matofali."

"Na wewe ni mshonaji." Akanyoosha mkono bila kuinuka. "Nipe chaki."

Kimya akampa. Mzee aliweka vidole viwili kwenye stendi, akafikiri, akaongeza cha tatu, akachora.

"Kata hapa," alimwambia fundi. "Na wewe," akamwambia shemeji, "lete matofali uishike upande huo, asiachiwe peke yake." Halafu, akiwa bado amepiga magoti, akamuuliza mjane kupitia chini ya injini, "Nzito, mwanangu?"

Maumivu yalikuwa yameanza kiunoni, yakishuka mapajani, makali na ya kweli.

"Nzito, baba," alisema. "Nzito sana."