Tundu Lililotangulia Risasi

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Nadine Pruett aliegesha gari lake mbele ya duka la silaha la Dewey Odell, katikati ya duka la chakula cha mifugo na duka la kufulia nguo kwa mashine. Alikuwa amemaliza zamu ya asubuhi ya basi la shule, na koti lake la kazi lilikuwa bado na doa la maziwa ya mtoto aliyetapika kwenye kituo cha tatu. Hakuwahi kununua bastola maishani mwake. Alikaa kidogo ameshika usukani kana kwamba basi bado linateremka mlima, kisha akashuka na kuubamiza mlango.

Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa na umri wa siku kumi na moja. Ilianza siku hakimu alipotia saini amri ya kumkataza Royce, aliyekuwa mumewe, asimkaribie. Siku hiyohiyo naibu sherifu Curtis Kimbrell alimwambia kwa upole kwamba karatasi ni karatasi tu. "Ningekuwa wewe, ningenunua bastola," alisema, akamfungulia mlango wa kutokea.

"Ya kazi gani?" Dewey aliuliza kutoka nyuma ya kabati la vioo. "Nyoka au mtu?"

"Mtu."

"Mume?"

"Alikuwa."

Dewey aliitikia kwa kichwa, kama muuza viatu aliyetajiwa namba ya mguu. Akatoa bastola ndogo ya rangi ya waridi. "Hii akina mama wanaipenda."

"Dewey, sikuja kununua sare ya harusi."

Akairudisha bila kununa, akatoa nyingine, nyeusi, nzito kiasi. Akamwonyesha namna ya kuchomoa magazini, kile kikasha cha risasi, namna ya kuvuta sehemu ya juu hadi ikwame nyuma, na namna ya kuhakikisha kwa jicho, kisha kwa kidole, kwamba ndani hamna risasi. Nadine akarudia. Mara ya kwanza ilimshinda. Mara ya pili akakumbuka uso wa Royce, na chuma kikavutika kama droo iliyopakwa mafuta.

"Royce naye nilimuuzia hapahapa," Dewey alisema. "Mwezi wa tatu. Ana mkono mtulivu." Alisema hivyo kwa nia njema, maana wote wawili walikuwa wateja wake.

Kisha ikaja fomu. Ilimuuliza kama anatoroka mkono wa sheria, kama ni mraibu, kama amewahi kuonekana hana akili timamu. Ilimuuliza kama amewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mtu wa nyumbani mwake. Hapo kalamu ikasimama.

"Royce alijibu nini hapa?"

"Hapana."

"Alinivunja mkono, Dewey."

"Najua. Mke wangu ndiye aliyekuletea chakula. Lakini kesi si ilifutwa?"

"Ilifutwa."

"Basi jibu ni hapana."

Dewey akapiga simu serikalini kumwulizia, akila biskuti za chumvi huku akisubiri. Dakika saba baadaye walimruhusu. Kwenye mfuko wa karatasi akamtilia bastola, risasi hamsini, kufuli la waya, na picha ndogo yenye fremu, ya kinu cha maji wakati majani yanapopukutika.

"Hiyo ni bure," alisema. "Ya kufunikia tundu. Litatokea kabla ya Ijumaa. Usihangaike na plasta, haishiki."

Nadine hakuuliza ni tundu gani. Alizaliwa na kukulia Cutter Springs, na Cutter Springs bastola ikishaingia nyumbani, tundu hutangulia ukutani na risasi hufuata baadaye. Pengine hufuata baada ya wiki, pengine baada ya miaka arobaini. Matundu mengi hayapati risasi yake kabisa, na watu wa mji ule walikumbushana jambo hilo mara kwa mara. Nyumbani kwa mama yake picha ya kondoo ilitundikwa chini sana, kando ya kabati la nguo, na Nadine alikua akidhani ndivyo picha zinavyotundikwa. Mdogo wake, Opal, alikuwa na miaka minne risasi ilipomfikia. Mama yao aliitundika tena picha palepale, na kila mgeni aliyepita alisifia wale kondoo.

Tundu la Nadine lilitokea Alhamisi mchana, akiwa anakunja taulo. Halikutoa sauti wala harufu ya baruti. Lilikuwa ukutani mwa ujia, mwisho kabisa, likikabili mlango wa mbele, duara safi lenye ukingo uliobabuka kidogo. Akasimama mbele yake, akaliona linamfikia chini ya mfupa wa shingo, upande wa kushoto. Akachukua sindano yake ndefu ya kufumia, akaitumbukiza polepole hadi ikashika. Sehemu iliyobaki nje ilielekea moja kwa moja kwenye kitasa cha mlango.

"Mwanaharamu," alisema Nadine. Kisha akamaliza taulo.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye darasa la wanawake katika chumba cha chini cha kanisa. Mwalimu alikuwa Bibi Faye Stubblefield, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyewahi kufundisha hisabati shule ya upili. Alifundisha bastola vilevile, kwa kugonga meza. Kila bastola ihesabiwe ina risasi, hata uliyoitoa risasi mwenyewe sasa hivi. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe umeamua. Waligawana kahawa na keki ya mahindi, wakajifunza kuifungua, kuisafisha mtutu kwa kitambaa na kuipaka mafuta, kisha wakaenda kulenga karatasi kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Nadine alikuwa hodari kuliko wote. Mkono wake ulikuwa umeshikwa na hasira, ukatulia tuli.

"Mtazameni huyo," alisema Bibi Faye. "Huyo hana mchezo."

Wakati wa mapumziko wanawake walilinganisha matundu yao kama watu wanavyolinganisha alama za watoto shuleni.

"Langu liko juu karibu na dari," alisema mmoja. "Mchungaji anasema ni neema."

"Si neema, ni mumeo," mwingine akamjibu. "Hajawahi kulenga hata choo akapata." Wakacheka hadi kahawa ikawamwagikia.

Msichana mmoja, Marlys, hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Walipomgeukia alionyesha kwa kiganja usawa wa goti lake, akakishusha zaidi kidogo.

"Weka kabati mbele yake, mwanangu," alisema Bibi Faye. "La mbao nzito."

"Kabati?" Nadine akainuka. "Mtoto hajazaliwa, tundu lake limeshafika, na sisi tunamwambia aweke kabati?"

"Unataka tumwambie nini?"

"Kuna aliyekwenda kwa sherifu?"

"Sherifu anajua, Nadine. Lake liko ofisini kwake, nyuma ya kalenda. Keti unywe kahawa."

Hakuketi. Jumatatu, baada ya zamu, alikwenda kwa sherifu akiwa na sindano yake ya kufumia mkobani. Kimbrell alikuwa mezani na mkate wake wa nyama ya bata mzinga. Zamani alicheza mpira timu moja na Royce, na mdomo wake haukuwa umezoea kwamba mambo yamebadilika.

"Karibu, shemeji."

"Mimi si shemeji yako tena, Curtis. Nina tundu. Linatoka kwenye mlango wangu wa mbele, na linanifika hapa." Akajigusa.

"Kuna kitu kimelipita?"

"Bado."

"Basi hakuna kilichotokea."

"Ijumaa Royce aliliandama basi langu vituo vinne. Watoto thelathini ndani."

"Barabara ni ya watu wote."

"Na bastola zake? Hakimu alisema azisalimishe."

"Amezisalimisha. Kampa kaka yake."

"Na kaka yake anaishi wapi?"

Kimbrell aliutazama mkate wake. "Unajua anakoishi."

"Nataka useme kwa kinywa chako."

"Ua mmoja," alisema. "Hatua kumi kutoka mlangoni kwa Royce. Lakini sheria haitaji hatua, Nadine. Na sasa una yako. Nilikwambia ununue, umenunua. Unataka nikufanyie nini zaidi?"

Nadine alitaka kumwambia, lakini alichotaka kusema kilikuwa kirefu, kilianzia kwenye picha ya kondoo, na akajua kwamba Curtis angemkatiza kabla hajafika katikati. Akatoka. Aliporudi nyumbani akatia alama sakafuni kwa utepe mwekundu wa kunata, kutoka kwenye kitasa hadi kwenye tundu, na tangu siku hiyo akaacha kutembea juu ya mstari ule. Alipita ubavu ubavu, mgongo ukisugua ukuta, hata akiwa amebeba kapu la nguo.

Royce alikuja Jumapili iliyofuata, saa saba mchana, kukiwa na jua. Alikuwa amevaa shati safi la kanisani. Hakubisha hodi. Akaupiga mlango teke mara mbili, komeo likang'oka, akasimama kizingitini na bastola ya kaka yake.

Nadine alikuwa jikoni akikaanga kitunguu. Alipiga hatua moja, akachukua bastola yake juu ya jokofu, akasimama penye pembe ya ukuta, nje ya mstari mwekundu, kidole kimenyooka kando ya chuma.

"Toka," alisema.

"Nimekuja kuongea na mke wangu."

"Huna mke hapa. Toka, Royce."

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Royce alikuwa amezoea kwamba Nadine husimama katikati ya ujia akiitwa, na mkono wake ukaelekea huko kabla ya macho. Akafyatua. Risasi ikaufuata mstari mwekundu kama treni ifuatavyo reli, ikaingia kwenye tundu bila kugusa ukingo wake. Ukuta haukutikisika. Hata vumbi halikudondoka.

Sasa Nadine alikuwa na kifua cha Royce mbele yake, hatua tano tu. Kidole kikashuka kwenye kifyatulio. Alikuwa ameamua. Lakini Bibi Faye alikuwa amewagongea meza mara nyingi kwamba watazame pia kilicho nyuma ya shabaha, na nyuma ya Royce, ng'ambo ya barabara, jirani alikuwa akimshusha mama yake mzee garini, mmoja ameshika mkongojo, mwingine ameshika bakuli la viazi. Nadine akangoja wasogee. Hawakusogea. Walikuwa wamesimama wakitazama.

Royce akautazama ukuta, akautazama mkono wa Nadine uliotulia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akafanya alichoambiwa. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye gari lake.

Kimbrell alifika baada ya dakika arobaini. Alivua kofia, akainama mbele ya tundu na kulimulika kwa tochi.

"Imo ndani," alisema. "Imekaa vizuri sana."

"Kamchukue, Curtis."

"Kwa kosa gani?"

"Amenipiga risasi!"

"Imekupata?"

"Haikunipata kwa sababu nilijua inapopita!"

"Na ukuta haujaharibika, maana tundu lilikuwapo. Mwenyewe ulinieleza, siku ya Jumatatu. Tena lilikuja na bastola yako, si yake." Akajinyoosha, mgongo ukialika. "Mlango, sawa, huo kauvunja. Nitamwambia aulipie. Ila wewe, kama ungefyatua, leo ningekupeleka ndani, na ningeumia moyo. Mshukuru Mungu."

"Toka nyumbani mwangu."

"Naelewa hasira yako, she—"

"Malizia hilo neno."

Hakulimalizia. Alivaa kofia yake, akaurudishia mlango kwa uangalifu, na kwa kuwa haukuwa na komeo ukafunguka tena nyuma yake.

Nadine akatoa risasi kwenye bastola, akahakikisha kwa jicho, kisha kwa kidole. Akaisafisha mtutu ingawa haikuwa imefyatuliwa. Kitunguu kilikuwa kimeungua, akakikwangua na kukitupa. Jirani yake alivuka barabara na bakuli la viazi, akaliweka mezani, akasema wameona kila kitu, yeye na mama yake, na kwamba Kimbrell hakuwauliza. Wakakaa wote wawili, mlango ukigonga fremu kila upepo ulipopita.

Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Nadine aliingia jikoni, akakaanga mayai ya kula kabla ya zamu, na alipogeukia meza akakuta jingine. Bastola ilikuwa ileile moja, lakini tundu lilikuwa jipya, ukutani juu ya meza, likielekea kwenye dirisha la upande wa barabara. Akaketi mahali pake pa kawaida kulipima, likamfikia penye sikio. Akainuka, akakivuta kiti hatua moja kushoto, akaketi tena. Mayai yalikuwa yamepoa. Akayala yote, akitafuna kwa nguvu, macho kwenye dirisha, kisha akachukua funguo akaenda kuwasha basi.