Gita Lililomshika Kinyozi Mkono

Kinyozi alilikuta gita hilo kwenye duka la vitu vilivyotumika, limebanwa kati ya pasi mbovu na feni isiyo na mapanga. Lilikuwa la Kijapani, la zamani, mbao zake zimeiva rangi ya asali, na nyuzi zake za nailoni. Mkewe alipoziona akamuuliza kama ameamua kuvua samaki.

"Hili ni gita la kiungwana, mke wangu. Halipigi kelele, linanong'ona."

"Basi likakunong'oneze saluni. Chumbani kwangu halilali."

Saluni ndiko alikolipeleka. Kesho yake, mteja akiwa kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado msitu, kinyozi akashikwa na hamu ya kujitapa. Ndani ya tundu la gita mlikuwa mmebandikwa kikaratasi chenye maandishi ya Kijapani, nacho kimejaa vumbi. Akalegeza nyuzi, akatumbukiza mkono na kitambaa apanguse. Mkono ukaingia kama uko kwao. Kutoka, ukagoma: mkanda wa saa ulikuwa umenasa kwenye kijiti cha ndani.

Akavuta, gita likaja. Akavuta tena, mteja akainama kulikwepa.

"Sasa mimi nirudi kazini hivi?" mteja akauliza.

"Vumilia kaka, nimebaki na mkono mmoja."

"Na wa kunyolea ni upi?"

"Ndio huu ulio ndani."

Hapo akaingia mama mkwe, ambaye ndiye aliyempa saa ile. Kinyozi akainuka kwa adabu zote, gita nalo likainuka, likafagia rafu nzima ya mafuta ya nywele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umevunjika mkono lini?"

Akamweleza, jasho likimtiririka. Mama mkwe akamwambia aivue saa.

"Zawadi yako, mama? Nitaanzaje?"

"Niliongezewa bure niliponunua birika," mama mkwe akasema, akachukua kitana chenye mpini mrefu, akaupenyeza tunduni kando ya mkono wa mkwewe, akabonyeza kifungio cha mkanda. Mkono ukachomoka. Saa ikabaki.

Waligeuza gita, wakalitikisa, mteja akasaidia, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni, lakini saa haikutoka; mkanda uling'ang'ania kile kijiti. Kinyozi akammaliza mteja wake, akakaza nyuzi, akapiga. Saa ikaitikia mle ndani kama kayamba, chaka, chaka.

Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha kunyolea.

"Piga tena," akasema, mabega yameshaanza kucheza. "Na safari hii usiwe na haraka."