Kofi la Mbu
Losana alikuwa amerudi kwa baba yake, kule juu ya mto, kwa sababu moja tu: mumewe hakubali neno la mtu. Ukimwambia mvua inakuja, Apisai atakuonyesha jua. Sasa bwana huyo alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mkwewe, amekunja miguu kwa adabu, amekuja kumwomba mkewe warudi mjini Suva.

Na mbu walikuwa wanamla. Kosa lake mwenyewe. Asubuhi, ndani ya boti, shemeji yake Kitione alimpa chupa ya mafuta ya kufukuza mbu, akaikataa. "Mimi mwenyeji wa visiwa hivi, shemeji. Mbu wananijua." Kweli walimjua. Walimjua vifundoni, walimjua nyuma ya masikio, na mmoja alipenya ndani ya sulu aliyojifunga kiunoni akamjua hata pasipotajika. Na mbele ya wazee hujikuni.

Mwingine akampitia puani. Apisai akasahau alipo, akampiga kwa viganja vyote viwili: paa.

Kitione, aliyekuwa akigawa kava, kinywaji cha mizizi cha heshima, akamletea kifuu kilichojaa. Kwa desturi ya huko kofi moja ni kupokea, mkubwa na mdogo wanalijua hilo. Ukishapiga umeshapokea, iwe kinywaji, iwe neno. Apisai akanywa huku akijiona bwege wa mwisho.

Mzee Eroni, mkwewe, akakohoa. "Hotuba yako tunaijua, mwanangu. Ni ya kubisha, kama ya mahakamani. Losana harudi Suva kwa sasa. Wewe ndiye utakaa hapa na sisi, ulime magimbi, mpaka yeye mwenyewe aseme twende."

Apisai alikuwa na hoja, tena nzuri. Alivuta pumzi aanze, mbu akatua kwenye kiganja chake.

Paa.

Nyumba nzima ikaitikia kwa makofi. Neno limepokelewa.

"Baba, huyo alikuwa..." akaanza.

Upande wa wanawake, Losana alikuwa amemkazia macho, mkono mdomoni. "Amekubali," alimwambia shangazi yake, taratibu. "Tangu anioe sijawahi kumwona akikubali kitu bila kubisha."

"Huyo alikuwa nani?" mzee akauliza.

Apisai, aliyekuwa amemsikia mkewe, akakifumba kiganja, mbu akiwa ndani.

"Hamna, baba," akasema. "Shamba lenyewe liko wapi?"