Mlio wa Injini ya Baba Mkwe

Lori liliwaka kwa mara ya kwanza tangu injini ifunguliwe, fundi akashusha pumzi. Hata jasho halijamkauka, lori likaanza kugonga. Ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka.

Akalizima. Mlio ule haukuwepo kabla ya matengenezo. Kama ulitoka ndani ya injini, basi ni beringi, na hapo hakuna ujanja: injini nzima ishuke chini tena. Isitoshe, mwenye lori alikuwa papo hapo, amekaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji. Alikuwa baba wa mkewe. Watu walikuwa wamemwambia aliuze lile lori kama chuma chakavu, yeye akawajibu kwamba ana mkwe fundi.

"Mbona umezima?" mzee akauliza.

"Nasikiliza, baba."

"Unasikiliza injini iliyozimwa?"

Fundi akacheka kidogo, cheko lisilofika machoni. Akawasha tena, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni. Chini, penye beringi, palikuwa kimya. Kila alipoisogeza mbele, kwenye feni, mlio ulizidi. Moyo wake ukapata tumaini, ila hakuthubutu kuliamini.

"Nataka kuutoa mkanda wa feni," alisema baada ya kuzima. "Mlio ukibaki, kosa liko ndani. Ukipotea, liko huku nje."

"Na likiwa ndani?"

"Nitaanza upya, baba."

Mzee akainuka, akaja kusimama kando yake.

Mkanda ukatoka. Fundi akawasha, safari hii kwa muda mfupi tu, maana feni ya kupoza injini haikuwa ikizunguka. Injini ikanguruma laini, bila kugonga. Akazima.

Akaizungusha feni kwa mkono, polepole. Panga moja likakwaruza bati linaloizunguka, na pale lilipogusa, rangi ilikuwa imebanduka, chuma kinang'aa.

"Hili bati nililifunga upande," alisema. "Kosa langu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Mzee akavua kofia, akajipepea. "Mwenzio nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia binti yangu asikununie."

Sasa fundi akacheka kwa kifua chote. Akalegeza nati, akalinyoosha bati, akakaza, mkanda ukarudi mahali pake. Lori likawaka bila kubisha hodi kwa mtu.

"Panda," mzee akasema, tayari yuko kwenye usukani. "Ukisikia kitu, utanambia."

Mpaka kona ya kwanza fundi alikuwa ametega sikio kama mwizi. Walipoanza kupanda mlima, mzee alikuwa akimsimulia jinsi binti yake alivyokuwa akilala utotoni kwenye kiti hicho hicho alichokalia fundi, na fundi akawa ameshausahau mlio.